Bodi za Ampu za Bei Nafuu: Ipi Ununue Ukiwa Tabora, na Pasi ya Kuchomea Uiguse Wapi

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu, mdogo wangu."

"Hii bodi niliambiwa ni wati mia. Mbona inashindwa na redio ya bibi?"

Kijana alikuwa amekuja na mfuko wa rambo: bodi nyekundu ya ampu, yaani kikuza sauti, ya ukubwa wa kiganja na spika mbili alizozing'oa kwenye sabufa iliyokufa. Nikamuuliza anaiwasha na nini. Akatoa mfukoni chaja ya simu, waya umekatwa mwisho, nyuzi zimesokotwa kwenye bodi bila hata tone la risasi ya kuchomea. Bodi ilikuwa nzima kabisa. Chipu yake, TPA3116D2, inakubali umeme kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo ilikuwa inaimba kwa volti 5 ilizopewa: wati moja na nusu hivi kwa kila spika. Nilipoibandika kwenye betri ya pikipiki iliyokuwa chini ya meza, kinyozi wa jirani alichungulia dirishani kuuliza kuna nini. Kijana alirudi nyumbani bila kununua kitu.

Ninatengeneza redio na sabufa Isevya, hapa Tabora mjini. Nusu ya wateja wangu wana umeme wa nguzo. Nusu nyingine wanatoka Urambo, Kaliua na Sikonge, au vijiji vya Uyui ambako nyumba inaishi kwa paneli moja ya sola na betri moja. Wote wanauliza swali lile lile, "fundi, bodi gani kali?", na wote naanza kuwajibu kwa swali: umeme wako ni upi? Bodi haina nguvu yake yenyewe. Inagawa ile inayopewa, na chipu nzuri kuliko zote haiwezi kutoa volti ambazo betri haina.

Hesabu yake si ngumu. Karibu bodi zote ndogo za siku hizi zinaendesha spika kwa daraja, maana yake waya zote mbili za spika zinasukumwa, moja ikipanda nyingine ikishuka. Kwa bodi ya namna hiyo, chukua volti zako, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa omu za spika (ukinzani wake, umeandikwa mgongoni) mara mbili. Volti 12 kwa spika ya omu 8: 144 gawanya kwa 16, wati 9. Kwa spika ya omu 4, wati 18. Hapo ndipo sauti safi inapoishia, na kiuhalisia unapata pungufu kidogo kwa sababu chipu nayo inakula. Ukitaka zaidi ya hapo kwa betri ile ile unapata mkwaruzo, hata kama bodi imeandikwa wati 200 kwa wino wa dhahabu.

Chaja ya laptopu ya volti 19 inakupa wati 22 kwa omu 8 na wati 45 kwa omu 4. Inaonekana kama mlima, lakini sikio haliendi na wati hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na desibeli 3 ni tofauti ambayo mtu anaisikia ndiyo, ila haimfanyi aruke kitini. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, na spika zako ni zile za makaratasi yaliyochanika, nunua spika.

Sasa mpangilio wangu. Nimeupanga kwa mtu wa huku, mwenye betri ya volti 12 au chaja kuukuu ya laptopu, ambaye anataka muziki wa sebuleni, wa kibanda cha kinyozi au wa mgahawa. Mwenye ukumbi wa harusi aende kwingine.

Ya kwanza: TPA3116D2, au ndugu yake TPA3118D2

Hizi ni chipu za Texas Instruments, klasi D, yaani zinawasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde (kuanzia mara 400,000) kisha koili na kapasita (vikopo vya kuhifadhi umeme) zinalainisha. Kwa sababu hiyo hazipotezi umeme mwingi kwa joto, na mwenye betri ya sola hilo anaelewa thamani yake saa nne usiku. Kiwandani wanaihesabu 3116 wati 50 kwa kila upande, lakini kwa volti 21, spika za omu 4, na mkwaruzo wa asilimia 10. Mkwaruzo wa asilimia 10 ni sauti ambayo mama mwenye nyumba atatoka nje kuuliza imekuwaje.

Tofauti ya ndugu hawa wawili iko mgongoni. 3116 ina bati lake la joto juu, kwa hiyo inahitaji kipande cha alumini kibandikwe kichwani. 3118 inatolea joto chini, kwenye shaba ya bodi yenyewe. Mimi kwa betri ya volti 12 napenda 3118, kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: zile alumini za 3116 nyingi zinakuja zimekaa upande kama kofia ya mlevi, zimebandikwa kwa gundi ambayo haipitishi joto. Kuna bodi ndogo za 3118 za upande mmoja, za ukubwa wa kiberiti, bei yake ya chini sana. Ukinunua mbili una stereo, na moja ikiungua hujapoteza zote.

Nunua isiyo na blututhi ndani. Nitaeleza sababu nikifika kwenye mlio wa nyuki.

Na kabla hujalipa, soma zile kapasita kubwa mbili au tatu zilizosimama. Kama zimeandikwa 25V, bodi hiyo usiilishe volti 24 hata kama muuzaji anaapa. Itakubali leo, itakubali kesho, halafu siku moja utasikia mlipuko mdogo na harufu ya samaki aliyesahaulika. Kwa volti 24 zinatakiwa za 35V.

Ya pili: TDA7297

Hii ni ya STMicroelectronics na ni ya kizamani: klasi AB, haiwashi wala kuzima, inasukuma tu kama mkokoteni. Inakula volti 6.5 hadi 18. Karatasi yake inasema wati 15 kwa kila upande, volti 16.5, omu 8, na tena ule mkwaruzo wa asilimia 10. Kwa betri ya volti 12 hesabu wati 7 au 8. Iandalie spika za omu 8, usiipe za 4.

Kwa nini basi iwe ya pili wakati inakula betri kuliko klasi D na inachemka kama birika? Kwa sababu haina kelele za redio. Chipu za klasi D, kwa huko kuwasha na kuzima, zinarusha mawimbi, na vizidishio vya zile mara 400,000 kwa sekunde (800,000, 1,200,000 na kuendelea) vinaangukia palepale yalipo matangazo ya mawimbi ya kati, na vinapanda hadi mafupi. Mzee mmoja wa Sikonge alinirudishia bodi ya 3116 kwa hasira: kila akifungua redio yake ya mawimbi mafupi kusikiliza taarifa ya habari, inazomea. Nikampa TDA7297, yakaisha. Kama chanzo chako cha muziki ni redio ya aina hiyo iliyokaa karibu na bodi, chukua hii bila kufikiri mara mbili. Kama chanzo ni simu au flashi, rudi kwenye namba moja.

Faida nyingine: ni ngumu kuiharibu, vipande vyake ni vikubwa vya kushikika, na mtu anayejifunza kuchomea anaweza kuanzia hapa. Wateja wanaopenda gitaa za zamani, Tabora Jazz na wenzao, huwa wanaichagua hii wakizisikia zote mbili mezani. Sijui kama ni chipu au ni mapenzi ya ujana.

Ya tatu: PAM8403

Ndogo kama kucha ya dole gumba, bei yake unalipa kwa chenji. Inaishi kwa volti 2.5 hadi 5.5, inatoa wati 3 kila upande kwa spika za omu 4. Kwa kufufua spika ya mezani, redio ya jikoni, au kwenye pawabenki wakati umeme umekatika, hakuna inayoishinda kwa hela hiyo. Na wati 3 kwenye spika nzuri yenye boksi ni muziki kamili wa chumba kimoja, watu hawaamini mpaka wasikie.

Kifo chake ni kimoja: volti 12. Nimeshazika nyingi. Mtu anaiona ina waya nyekundu na nyeusi, ana betri yenye nyekundu na nyeusi, anaunganisha. Usiipitishe volti 5.5.

Ya nne: TPA3110

Hii nayo ni klasi D ya Texas Instruments, volti 8 hadi 26, wati 15 kwa upande kwa omu 8 ukiipa volti 16. Haihitaji alumini kubwa. Ni bodi nzuri tu isiyo na makuu. Iko chini ya 3118 kwa sababu bei zao zinakaribiana na 3118 ina nafasi zaidi. Ukiikuta peke yake dukani, beba.

Ya tano: TDA2030A

Hii utaikuta ndani ya sabufa nyingi za bei rahisi zilizoko mitaani, ndiyo maana spea zake zinapatikana hata kwa wauza betri za tochi. Kwa bodi mpya siipendekezi kwa mtu wa sola. Ili ikupe wati zake 18 hivi inataka volti 32 hivi, kwa kawaida umeme wa pande mbili, chanya na hasi, volti 16 kila upande, na hiyo maana yake ni transfoma ya kupunguza umeme wa nguzo. Pia bati la mgongoni la chipu limeunganishwa na upande hasi, kwa hiyo ukifunga mbili kwenye alumini moja inayogusa boksi la chuma bila kipande cha maika cha kuzuia umeme katikati, umejitengenezea shoti. Na chipu feki za jina hili ni nyingi kuliko za kweli. Inunue ukiwa unafufua sabufa yako, usiinunue kuanzia mwanzo.

Niliyoitoa na nisiyoigusa

PAM8610 inauzwa sana kwa sababu ni ndogo na imeandikwa volti 12. Kikomo chake cha kazi ni volti 15. Betri ya asidi ikichajiwa na sola inafika 14.4, na kama chaji kontrola (kidhibiti cha kuchaji) ni ya kubahatisha inapita hapo mchana. Yaani unaishi ukingoni kila siku. Nimeitoa kwenye orodha.

TDA7498 na TPA3255 ni bodi za watu wenye umeme mkubwa: ya kwanza inataka volti 30 na kitu ili itoe nguvu zake, ya pili inaenda hadi zaidi ya 50. Pawasaplai ya kuilisha TPA3255 vizuri inaweza kugharimu kuliko bodi na spika zako zote. Kwa volti 12 ni lori lililobeba kilo moja ya sukari.

Pasi ikishapata moto

Watu wanaanza marekebisho mwishoni. Wananunua chipu ya gharama, wanabadilisha vitu vyenye majina mazuri, na bodi bado imefungwa na waya mwembamba wa kengele kutoka betri iliyoko chumba cha pili. Nianzie huko.

Waya wa unene wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa omu 0.023 hivi kwa mita. Betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye bodi, umeme unasafiri mita 20, kwenda na kurudi: karibu nusu omu. Besi ikipiga na bodi ikivuta ampea 3, volti moja na nusu inapotelea njiani, na inapotea hasa wakati ule ngoma inapogonga. Ndiyo maana besi yako inalegea ukiongeza sauti. Weka waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani, upotevu unashuka hadi chini ya nusu volti. Hakuna kapasita ya bei yoyote itakayokufanyia hivyo. Karibu na betri weka fyuzi ya ampea 5. Betri haina huruma, waya ukishikana utawaka mpaka kwenye godoro.

Ukishamaliza waya, ndipo kapasita. Bodi za bei nafuu zinawekewa kapasita za umeme ndogo, za mikrofaradi 220 au 470, na wakati mwingine ganda kubwa lina kapasita ndogo ndani yake kama zawadi ya harusi. Ongeza moja ya mikrofaradi 1000 au 2200 pale umeme unapoingilia, miguu mifupi iwezekanavyo. Iwe ya ukinzani mdogo wa ndani, ile inayotumika kwenye pawasaplai za televisheni; mimi nazitoa kwenye bodi za televisheni zilizopigwa radi, na Tabora radi hazina upungufu. Kwa betri ya 12 chukua ya 25V, maana kumbuka ile 14.4. Kwa chaja ya laptopu chukua ya 35V. Pima kabla, kwa sababu iliyokaa miaka kumi karibu na joto huwa imekauka. Halafu angalia mstari mweupe wa upande hasi. Najua unajua. Angalia tena. Chini ya bodi, karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu, chomea kakapasita ka seramiki ka nanofaradi 100. Hako kadogo ndiko kanakoshughulika na kasi ya kuwasha na kuzima, kubwa haliwezi kukimbia hivyo.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi na ndilo tamu kuliko yote: ukuzaji. Chipu za 3116 na 3118 zinaweza kukuza kwa hatua nne, desibeli 20, 26, 32 au 36, na hatua inapangwa kwa rizista (vipande vya ukinzani) mbili zilizoungwa na mguu wa 8. Desibeli 20 ni kukuza mara 10, desibeli 32 ni mara 40. Fikiria: kwa betri ya volti 12 kilele cha sauti inayotoka hakiwezi kupita volti 12. Ukikuza mara 40, simu ikitoa volti 0.3 tu bodi imeshafika ukutani. Sehemu kubwa ya volyumu yako inabaki kuwa ya kukwaruza, na kila kelele ndogo ya simu, ya waya, ya blututhi, nayo inakuzwa mara 40. Kwa simu nyingi mara 20 inatosha na kubaki, na kwa chanzo chenye nguvu kama king'amuzi au deki, mara 10.

Kwa desibeli 26 rizista ya kutoka mguu wa 8 kwenda ardhi (upande hasi wa bodi) iwe kilo-omu 20, na ile ya kutoka mguu huo kwenda mguu wa 7 iwe kilo-omu 100. Kwa desibeli 20, ile ya ardhi iwe kilo-omu 5.6 na nyingine iondolewe kabisa. Rizista zenyewe ni ndogo kama punje ya ulezi, kwa hiyo fuatilia njia kwa mita kwanza, tumia pasi yenye ncha nyembamba, na usinywe chai kali kabla. Bodi itawashwa upya ndipo isome mpangilio. Mtu akisikiliza anadhani umembadilishia bodi: kule nyuma ya muziki panakuwa kimya.

Hapo hapo kuna faida iliyojificha. Watu wanaambiwa waongeze kapasita za kuingizia sauti ili besi ishuke chini. Mlango wa chipu hii una ukinzani wa kilo-omu 60 ikiwa kwenye desibeli 20, 30 kwenye 26, na 15 kwenye 32. Kapasita ya mikrofaradi 1 kwa kilo-omu 15 inaanza kukata besi kwenye hezi (mitikisiko kwa sekunde) 10 au 11. Kwa kilo-omu 60 inakata chini ya hezi 3. Spika yako ya inchi nne haijawahi kuiona hezi 40 maishani mwake. Kama kapasita ni ya mikrofaradi 1, iache ilipo.

Mlio wa nyuki

Huku kwetu asali ni sifa, ila nyuki wabaki kwenye mizinga. Malalamiko namba moja ya bodi zenye blututhi ni ule mlio mwembamba, "zzzz-tik-tik", unaosikika muziki ukinyamaza. Unatoka kwenye moduli ya blututhi, ambayo inanyonya umeme kwa kudokoa dokoa, na inashirikiana waya wa ardhi na sauti. Kila ikidokoa, ardhi inatikisika, na chipu inadhani ni muziki.

Dawa ni kuitenganisha: moduli ilishwe na kibadilishaji cha umeme kilichotengwa, kile kidogo cheusi kinachoitwa B0505S, volti 5 kuingia na volti 5 kutoka, pande mbili zisizogusana. Ardhi ya moduli inabaki kukutana na bodi mahali pamoja tu, kwenye waya wa sauti. Kwenye bodi ambayo blututhi imechomewa ndani huwezi kufanya hivyo bila kukata njia za shaba, na ndiyo sababu nilisema nunua isiyo nayo.

Mlio huohuo unakuja pia ukichaji simu kwenye betri ileile inayolisha bodi huku waya wa oksi umechomekwa. Kabla ya kumlaumu fundi, chomoa chaji.

Volyumu, joto na boksi

Volyumu ya bei nafuu inakohoa baada ya vumbi la kiangazi kimoja, na kwenye sauti ya chini upande mmoja unaimba na mwingine umelala. Badilisha, au kama unatumia simu iondoe kabisa na uongoze sauti kwa simu. Kwa alumini iliyobandikwa ovyo: ing'oe polepole bodi ikiwa ya uvuguvugu, safisha, paka dawa nyeupe ya kupoozea tabaka jembamba, ibane kwa skrubu. Usipake kama siagi kwenye mkate.

Kubadilisha chipu ndogo ya kikuza-awali, zile NE5532 za miguu minane, mimi naona ni hela ya kuchezea. Inayouzwa kama bora mara nyingi ni feki yenye maandishi mapya. Koili nazo ziache isipokuwa zinachemka bila muziki.

Boksi ndilo limesahaulika. Spika isiyo na boksi inajifuta besi yenyewe, sauti ya nyuma inaila ya mbele. Tabora tuna mninga, na kuna wateja wanataka boksi la mninga kwa ajili ya wageni. Linapendeza, ila mbao nzima inajinyonga kati ya kiangazi na masika, na mwanya wa unene wa kadi unatosha kupiga filimbi. Plaiwudi ya milimita 18 inatulia zaidi. Ndani jaza sufi au pamba ya Igunga, iliyochambuliwa, isishindiliwe. Mteja wangu mmoja alijaza mto wa mtoto wake. Ulifanya kazi.

Siku ya kununua

Kwa maduka ya hapa mjini chaguo ni dogo. Vingi vinakuja kutoka Kariakoo kama mzigo wa basi. Mwambie anayekununulia aandike jina la chipu, asiandike "ampu ya wati mia". Akutumie picha ya chipu kwa karibu: maandishi yaliyochorwa kwa leza hayafutiki kwa kidole chenye mate, ya feki mengi yanafutika au yanang'aa kama yamepigwa muhuri jana. Kwa 3116 muuzaji aking'ang'ania kwamba alumini haitoki na huwezi kuiona chipu, tafuta mwingine. Mimi nimeshaletewa bodi ambayo chini ya kofia kulikuwa na chipu nyingine kabisa, ndogo yake. Niliyemwagiza alilia, aliyemuuzia hakupokea simu tena.

Ikifika, usiunganishe spika zako nzuri kwanza. Pima kwa mita kwamba chanya na hasi ya umeme hazijashikana. Usiunganishe waya hasi za spika mbili pamoja, wala usizipeleke kwenye ardhi au boksi la chuma; kwenye bodi za daraja waya zote nne ziko hai, na ukizikutanisha unaua chipu. Halafu chukua balbu ya indiketa ya pikipiki, ile ya volti 12 wati 10, uiweke katikati ya waya chanya kati ya betri na bodi. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na bodi yako bado iko salama kwa sababu balbu imeubeba umeme wote. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na kila kitu kiko sawa. Weka spika ya majaribio, wimbo kwa sauti ndogo, gusa chipu kwa kidole dakika tano, kisha ndipo uitoe balbu.